Kagati ya Nkwenda Haibonyei

Mtu wa Kayanga akiibonyeza kagati na isibonyee, anairudisha kwenye sinia na kukuuliza umeioka lini. Mtu wa Nkwenda akiibonyeza na ikabonyea, naye anairudisha, ila yeye hakuulizi kitu. Anakutazama kwa huruma, kama mtu aliyeona umevaa gauni nje ndani, kisha anaenda zake.

Nadhira aliyajua ya Kayanga tangu utotoni. Ya Nkwenda aliyajua asubuhi aliyofungua tanuri lake huko.

Kagati ni mkate mdogo wa kukaa kiganjani. Ni unga wa ngano, unga kidogo wa mtama mwekundu, hamira, na juisi ya ndizi iliyokamuliwa jana yake badala ya maji na sukari. Unaokwa juu ya kipande cha jani la mgomba, ndiyo maana chini yake una mistari myembamba kama kucha za paka zilizopita. Jina ni la Kinyambo na maana yake ni hiyo tu, kimkate. Lakini ukitaka kuwaona watu wazima wa Karagwe, iliko Kayanga, na wa Kyerwa, iliko Nkwenda, wakinyoosheana vidole, watu ambao hadi juzi tu walikuwa wilaya moja na mkuu wa wilaya mmoja, waulize kagati ya kweli ni ipi. Karagwe watakwambia ni laini, inavutika, huliwa ikiwa bado inatoa mvuke. Kyerwa watakwambia ni ngumu, huchovywa, na kwamba ile nyingine ni chakula cha watoto wasioota meno na watu wa ofisini.

Tanuri la Kayanga lilijengwa na babu yake Nadhira, Mzee Mgeni, aliyetoka Pangani na furushi la nguo za kuuza, akachoka na nguo, akaanza kuoka. Babu alioka, baba akaoka, Nadhira akaoka. Halafu mwenye kiwanja akafariki, wanawe wakataka kujenga nyumba ya kulala wageni, na tanuri likavunjwa asubuhi moja, matofali yakapangwa pembeni kama hayakuwahi kuona moto. Kayanga nzima Nadhira hakupata mahali pengine ambapo majirani wangevumilia moshi. Nkwenda alipata: kibanda karibu na soko, na uwanja nyuma yake. Akayapakia matofali yaleyale kwenye lori, akajenga upya.

"Mwanangu, likizimika huko, hatuna pengine pa kulihamishia," mama yake alimwambia kwa simu.

Hakuwa anamtisha. Ndivyo ilivyokuwa. Nkwenda ikiikataa kagati ya Nadhira, basi moto uliowashwa na Mzee Mgeni umefika mwisho.

Na Nkwenda ilikuwa inaikataa. Asubuhi baada ya asubuhi watu walikuja, walisalimia vizuri, walibonyeza, walirudisha. Aliyekula bila masharti alikuwa Cleophace, kijana wa bodaboda kutoka Bweranyange, upande wa Karagwe, aliyekuwa akimletea unga tangu Kayanga na ambaye sasa alipanga safari zake zote zipitie mlango wa tanuri.

Siku moja alikuwa kwenye benchi, mdomo umejaa, alipoingia Elpidius, mwenye duka kubwa la jumla mkabala na soko. Nkwenda, kitu kikiingia duka la Elpidius kimepokelewa. Kisipoingia, kitauzwa barabarani na kuliwa na vumbi.

"Shikamoo, mzee," Nadhira akasema.

"Marahaba, binti. Hii ni nini?"

"Kagati."

Elpidius aliichukua moja, akaibonyeza kwa dole gumba, akaiangalia ikijaa tena polepole. Akaigeuza, akaona mistari ya jani.

"Jani lipo, nakubali. Lakini hii ni sponji. Mtu anaweza kuoga nayo."

"Mzee, acha uchokozi," Cleophace akadakia. "Hii ndiyo kagati. Sisi kwetu Bweranyange ndiko yalikokuwa makao ya wafalme. Unadhani mfalme alikula mawe?"

"Ndiyo maana wamekwisha," Elpidius akamjibu. "Mtu akila sponji atashikaje mkuki?"

Watu waliokuwa mlangoni wakacheka, na Cleophace naye akacheka ingawa hakutaka. Nadhira hakucheka. Aliifuta meza, akasema, "Basi nielekezeni kwa mtu aliyekuwa anaioka hiyo ngumu. Nitaenda kujifunza, siyo aibu."

Watu wakamgeukia Elpidius.

"Mama yangu alikuwa nayo," Elpidius akasema.

"Aliioka mwenyewe?"

"Nimesema alikuwa nayo. Ilikaa kwenye kikapu jikoni, juu, karibu na dari."

"Na tanuri lilikuwa wapi?"

Mama mmoja aliyekuwa na mkungu wa ndizi kichwani akasaidia, "Hata kwa shangazi yangu Isingiro ilikuwepo."

"Tanuri?"

"Kagati."

Nadhira akawaangalia mmoja mmoja. Wote waliila. Wote walikumbuka namna ya kuichovya, upande gani unalainika kwanza, nani alipigwa kwa kuiba. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona ikiokwa. Jambo hilo lilimnata kama juisi ya ndizi inavyonata vidoleni, ukinawa mara moja bado ipo.

Akaanza kujaribu. Alipunguza juisi, mkate ukatoka mkavu na mchungu kidogo. Aliongeza mtama, ukatoka mzito kama udongo wa kukandikia. Aliuacha tanurini hadi ganda likawa kahawia iliyokolea, halafu akaurudisha tena moto ulipopungua. Hiyo ya mwisho aliigonga mezani ikalia. Akampelekea Elpidius dukani, mwenyewe, kwenye sahani.

Elpidius aliiuma. Meno yake yakasita. Akaichovya kwenye chai, akangoja, akauma tena, akaiweka chini.

"Binti, hii ni ngumu kwa hasira," akasema, na safari hii hakuwa anatania. "Ile ilikuwa ngumu kwa upole. Sijui nikwambieje. Ukiichovya inakubali. Hii inabishana."

"Nani anajua zaidi?"

Elpidius alifikiri huku akiwapimia wateja mchele. "Nenda kwa Bibi Kokwijuka, kule juu, njia ya kanisani. Baba yake alikuwa mpagazi wa kahawa. Yule mama hadanganyi hata padri. Akisema yako ni kagati, mimi mwenyewe nitaiweka pale mbele, kwenye kabati la vioo. Akisema siyo, usinilaumu."

Nadhira akaamka mapema, akaoka kwa moyo wote. Alioka ile ya babu, laini, kwa sababu kwenda kwa mzee na kitu ulichokwisha kukishuku ni utovu wa adabu. Akaifunga kwenye kanga ikiwa ya moto, akapanda pikipiki ya Cleophace, mkate ukimuunguza mapaja.

Nyumba ya Bibi Kokwijuka ilikuwa katikati ya shamba la migomba na mibuni, ua umefagiwa hadi unaona alama za ufagio. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, mwembamba, macho makali. Mkwewe Mackrine, mama wa makamo mwenye sauti ya kuongoza kwaya, alileta kisahani cha buni zilizochemshwa na kukaushwa, kahawa ya kutafuna, ambayo mgeni hupewa kabla hajaulizwa shida yake. Nadhira akatafuna moja, akaeleza shida yake.

Bibi alifungua kanga, akanusa, akabonyeza. Akala nusu nzima bila haraka, kwa heshima.

"Tamu sana, mwanangu. Mungu akubariki mikono."

Nadhira akangoja.

"Lakini siyo."

"Bibi, inakosa nini? Ile ilikuwa na mtama zaidi?"

"Sijui mtama. Nilikuwa mtoto."

"Jani lilikuwa la mgomba, au jani jingine?"

"Mgomba. Mistari ilikuwa hivihivi." Bibi akapitisha kidole chini ya mkate. "Ilikuwa inanukia mkoba wa baba. Moshi, na kahawa, na jasho lake. Tukisikia mbwa wanabweka njiani, tunakimbia. Mkono wake ukiingia kwenye mkoba, ndiyo kagati hiyo."

"Na alikuwa anaitoa wapi?"

"Safarini. Mtoto anauliza baba amekitoa wapi? Anakula."

Kwa nyuma Cleophace alinong'ona kwamba labda jasho ndilo linalokosekana, na Nadhira akamkata jicho.

Walipoaga, Mackrine alikusanya zilizobaki. "Nitawapa watoto wakirudi shule. Kesho zitakuwa kiporo, na humu ndani Bibi hali kiporo. Siyo nikiwa hai mimi."

Hilo Nadhira alilielewa. Hata kwao ni hivyo. Cha jana unakula wewe mwenyewe, asubuhi, ukiwa umesimama jikoni. Mzee na mgeni wanapewa cha leo. Tanuri la babu yake lilijengeka juu ya jambo hilo: mkate wa jana ulitolewa sadaka au kuliwa nyumbani, haukurudi mezani kamwe.

Alirudi tena na nyingine, aliyoichanganya upya na kuipitisha kwenye moshi wa kuni za mbuni. Alifurahia harufu yake mwenyewe njia nzima. Bibi alikula, akashukuru, akauliza habari za mama yake, akasema siyo.

"Umekuja na pikipiki?" akauliza tena, ghafla.

"Ndiyo, Bibi."

"Mmechukua muda gani kutoka sokoni?"

"Hata hatujamaliza kupiga soga," Cleophace akajibu.

Bibi akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekaribia kukumbuka jina kisha likampita. "Baba alikuwa anatembea," akasema.

Baada ya hapo mambo yakaharibika kwa utulivu, kama yanavyoharibika mara nyingi. Habari kwamba Bibi Kokwijuka amesema siyo, tena mara mbili, ilishuka kilimani kabla ya pikipiki. Wale wachache waliokuwa wakinunua kwa kuona haya, wakaacha. Asubuhi moja Nadhira alitoa trei tanurini, akaiweka mezani, na hadi adhuhuri hakuna aliyeingia ila Cleophace na nzi. Jioni alikaa mbele ya tanuri lililopoa, akaweka kiganja kwenye matofali. Bado yalikuwa na uvuguvugu. Akaamua kwenda kumuaga Bibi, kwa kuwa mtu aliyekula chakula chako mara mbili na kukwambia ukweli anastahili kuagwa.

Safari hii hakuoka. Alikwenda mikono mitupu, bila kutuma salamu kwanza, saa ambayo watu wako mashambani.

Ua ulikuwa mtupu. Alibisha hodi, hakuitikiwa. Akazunguka nyuma, upande wa jiko, na hapo akamkuta Bibi Kokwijuka ameketi kwenye kigoda, mgongo kaupa mlango, kikombe cha kahawa ya maziwa kwenye goti. Kwenye kikapu cha ukili kilichoning'inizwa juu kidogo tu ya mafiga, kikapu ambacho kwa desturi huwekwa buni za kutafuna, mkono wa Bibi ulikuwa umezama hadi kiwiko. Ukatoka na kagati. Akaichovya, akangoja kidogo, akauma, akafumba macho.

"Bibi, shikamoo."

Bibi aliruka kama mtoto aliyefumaniwa na sukari. Akataka kuificha kwenye kanga, akaona amechelewa.

"Marahaba. Usimwambie Mackrine."

Lakini Mackrine alikuwa amekwisha kufika, jembe begani, akitokea shambani na watu wake. Aliona kikapu, akaona kikombe, akaona mgeni.

"Bibi! Si ulizichukua ukasema utawapa watoto mwenyewe?" Akageuka kwa Nadhira, uso umemshuka. "Dada, usituelewe vibaya. Nyumba hii chakula kipo. Mzee wetu hali kiporo. Leo hii mtu akipita barabarani akasema mama mkwe wa Mackrine anafichaficha kiporo jikoni, mimi nitauweka wapi uso wangu?"

"Nyamaza, Mackrine," Bibi akasema. Akamnyooshea Nadhira kile kipande. "Hii hapa. Hii ndiyo."

Nadhira akakipokea. Akakibonyeza. Hakikubonyea. Akakigeuza, akaona mistari ya jani, na kando ya ganda akaona alama ya ukucha wake mwenyewe, pale alipouondoa mkate kwenye trei kwa haraka siku ile ya kwanza.

"Bibi, hii ni ile niliyoleta mimi. Ile ya kwanza. Ulisema siyo."

"Haikuwa," Bibi akajibu, bila wasiwasi wowote. "Sasa imekuwa."

Mackrine akaweka jembe chini.

Nadhira aliomba kahawa. Akachovya, akangoja, akauma. Ganda lilikubali, kama Elpidius alivyosema, polepole, kutoka nje kwenda ndani. Utamu wa ndizi, ambao mkate ukiwa wa moto hufichwa na mvuke, ulikuwa umejikusanya mahali pamoja kama asali. Kulikuwa na moshi wa jikoni. Kulikuwa na kahawa ya kikapu. Jasho halikuwepo, na hakulihitaji.

"Baba yako alikuwa anakwenda hadi wapi, Bibi?"

"Kayanga. Wanabeba kahawa kichwani, wanakwenda, wanangoja kupimiwa, wanarudi kwa miguu, wakinyeshewa wanajikinga mahali hadi iishe."

"Na Kayanga alikuwa ananunua kwa nani?"

"Kwa Mswahili mmoja. Alikuwa anavaa kofia. Jina sijui, siku hizo kila mwenye kofia alikuwa Mswahili tu."

Nadhira hakuuliza zaidi. Alitaka kuuliza, ulimi ulimwasha, lakini Bibi angeweza kukubali kitu chochote ili kumfurahisha, na yeye hakutaka jibu la namna hiyo. Alichokihitaji kilikuwa kiganjani mwake. Kyerwa haikuwahi kuwa na tanuri la kagati ngumu, ndiyo maana hakuna aliyeliona. Mkate ulikuwa mmoja. Waliokaa karibu na moto waliujua ukiwa laini. Waliokaa mbali walifikiwa nao ukiwa umekwisha kutembea. Na kwa kuwa watu hawa hata wangekatwa vidole wasingemtilia mzee cha jana, hakuna aliyewahi kumpa Bibi Kokwijuka kitu alichokuwa akikililia. Yeye Nadhira alikuwa wa kwanza kwa kosa hilo la kumletea cha moto, na pikipiki ilimsaidia kulifanya vizuri zaidi.

Barabarani alimweleza Cleophace. Cleophace nusura aingie mtaroni kwa kucheka.

"Kumbe! Kyerwa nzima wamelishwa kiporo chetu! Ngoja nifike stendi. Ngoja tu nifike!"

"Ukilitamka hilo neno stendi, hutakula tena kwangu. Si laini, si ngumu."

Cleophace akapima. "Hata moja?"

"Hata harufu."

Akanyamaza hadi sokoni, na kwa Cleophace hiyo ilikuwa sadaka kubwa.

Nadhira alioka mkate wa babu yake, bila kubadili chochote. Ulipopoa, aliutia kwenye magunia safi yaliyokuwa na kahawa, akayatundika juu ya tanuri, mahali moshi unapopita ukienda zake, akauacha. Lilikuwa jambo gumu kuliko kuoka. Kila asubuhi aliyatazama magunia na mikono ikamwasha. Damu yake yote ilikuwa ikimwambia anaharibu chakula. Mvua ilinyesha, ikaacha. Aliposhusha gunia, aligonga moja mezani. Haikulia kwa ukali kama ile ya hasira. Ilitoa sauti nene, ya chini, kama mtu anayeitikia hodi.

Elpidius alikuja kwa sababu aliitwa, na alikuja na kikombe chake mwenyewe cha chai, kama shahidi. Nyuma yake walikuja wengine, na nyuma ya wengine alikuwa Mackrine, aliyetumwa na Bibi lakini aliyesimama mbali kidogo, mikono kifuani.

Elpidius alibonyeza. Akabonyeza tena kwa nguvu. Akachovya. Watu wakamtazama akitafuna, na kwa muda hakuwa mwenye duka la jumla, alikuwa mtu aliyesimama chini ya kikapu cha mama yake akikitazama.

"Nani amekufundisha?" akauliza.

"Bibi Kokwijuka."

"Ndiyo," Mackrine akasema kutoka kule nyuma, akikohoa. "Bibi amesema ndiyo yenyewe. Ameniagiza nimletee."

"Na unaifanyaje?"

Hapo Nadhira angeweza kujiponyea. Angeweza kusema ni siri ya tanuri, nao wangempenda zaidi. Lakini aliwaza kwamba siku moja Cleophace atakunywa kitu kikali, na ukweli utatoka kwa mdomo wa Bweranyange, ukiwa na kicheko ndani yake. Afadhali utoke hapa.

"Ni ileile uliyoita sponji, mzee. Sijaongeza kitu. Nimeitundika ikangoja. Zamani ilikuwa inaokwa Kayanga, na wapagazi wenu wakija nayo kwa miguu, ikifika huku inakuwa hivi."

Cleophace aliuma kidole chake cha shahada ili asiseme lile neno. Mtu mmoja nyuma aliuliza kwa sauti ndogo, "Maana yake ni nini, ni ya kwao?"

Elpidius alitazama kipande kilichobaki mkononi mwake. Alikizungusha. Kila mtu aliona wazo likimpanda usoni, kwanza likiwa zito, kisha likipata miguu.

"Yaani," akasema taratibu, "kule Karagwe wanaitoa motoni na kuila hapohapo?"

"Hapohapo."

"Haijangoja?"

"Hata kidogo."

Elpidius akawageukia watu wake, akainua mkono wenye kagati. "Mmesikia jamani? Miaka yote hii wenzetu wamekuwa wakiila kabla haijaiva!"

Kicheko kilichopasuka pale kilimfanya mbwa wa soko ahame kivuli. Cleophace alisimama juu ya benchi akipiga kelele kwamba hiyo ni dhuluma, kwamba ataleta wazee wa Bweranyange, kwamba mkate si parachichi, lakini hakuna aliyemsikiliza. Mackrine alikuwa amekwisha kusogea mbele na kikapu.

"Binti," Elpidius akasema, akiwa tayari mlangoni, "gunia moja dukani kwangu, leo. La zilizoiva."

"Na hizi za moto, mzee?"

Elpidius aliitazama trei iliyotoka tanurini, mvuke ukipanda.

"Hizo," akasema, "wape watu wa Karagwe. Hawana subira."

Nadhira akaingiza mkono kwenye unga, akaanza kukanda za kesho, na za siku nyingine.